Hiolithi: moluska, jamaa wa brakiopodi, au ukoo wao wenyewe?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Ninaandaa maelezo ya mkusanyiko mdogo wa visukuku, na ndani yake mna koni kadhaa ndogo zilizowekewa jina la hiolithi. Kitabu changu cha zamani kinasema wanyama hao walikuwa moluska, yaani ndugu wa konokono. Kitabu kipya zaidi kinasema walikuwa jamaa wa brakiopodi, wanyama wa bahari wenye makombe mawili. Niamini kipi? Na nitajuaje kwamba koni hizo ni za hiolithi kweli na si za mnyama mwingine?"

Kati ya vitabu hivyo viwili, kile kipya kiko karibu zaidi na tunachokijua leo, ingawa nadhani kimesema kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi unavyoruhusu. Kile cha zamani hakikuandikwa kwa uzembe, kwa maana waandishi wake walikuwa na gamba peke yake, na gamba la koni ni shahidi dhaifu mno katika mambo ya ukoo. Mnyama yeyote anayekua ndani ya gamba, na ambaye huongeza madini kwenye ukingo wa uwazi wake kadiri mwili unavyonenepa, ataishia kuwa na koni hata kama hana uhusiano wowote na jirani yake mwenye koni kama hiyo. Ndiyo maana bahari za kale zilijaa koni za makundi yaliyoachana kabisa kinasaba, na ndiyo maana swali lako la pili lina uzito sawa na la kwanza.

Hiolithi walitokea mapema sana katika kipindi cha Kambria, zaidi ya miaka milioni 530 iliyopita, na wa mwisho wao wakatoweka mwishoni mwa kipindi cha Permia, kama miaka milioni 252 iliyopita, katika maangamizi makubwa kuliko yote yanayojulikana katika historia ya uhai. Walidumu basi kwa zaidi ya miaka milioni 270. Hata hivyo neema yao ilikuwa ya mwanzoni: katika Kambria walikuwa wengi na wa aina nyingi, na baada ya hapo idadi ya aina zao ilizidi kupungua, kiasi kwamba wakati wa Permia walikuwa wamebaki wachache tu. Wengi wao walikuwa na urefu wa sentimita moja hadi nne.

Kiunzi cha hiolithi kina sehemu mbili kwa uchache: gamba refu la koni, ambalo limefungika kwenye ncha na lina uwazi upande mpana, na kifuniko kilichoziba uwazi huo. Wataalamu huwagawa katika oda mbili. Oda ya kwanza ni Hyolithida, ambao gamba lao likikatwa kwa upana huonyesha umbo linalokaribia pembetatu, lenye upande wa chini uliolala na upande wa juu ulioinuka. Upande huo wa chini hujitokeza mbele ya uwazi kama ulimi mfupi. Kati ya gamba na kifuniko chao hutokeza vijiti viwili vyembamba vilivyopinda, kimoja kila upande, ambavyo huitwa heleni. Oda ya pili ni Orthothecida, ambao gamba lao kwa kawaida ni la mviringo au limebonyea kidogo upande mmoja, hawana ule ulimi wala heleni, na kifuniko chao kiliweza kuingia ndani ya uwazi wa gamba. Tofauti hii ya oda mbili inafaa kukumbukwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mabishano ya leo imesimama juu yake.

Heleni zenyewe zilileta utata tangu mwanzo. Mara nyingi huchomoka mnyama anapokufa na huzikwa peke yake, na zilipookotwa zikiwa hivyo ziliwahi kupewa jina la jenasi yake, Helenia, kana kwamba zilikuwa za mnyama mwingine. Ni pale tu zilipopatikana zikiwa bado zimeshikamana na gamba na kifuniko ndipo ilipojulikana kwamba ni viungo vya hiolithi.

Jenasi ya Hyolithes iliwekwa na Eichwald mwaka 1840. Joachim Barrande, aliyechunguza kwa kina matabaka ya Bohemia, katika Ucheki ya leo, aliwaingiza hiolithi mwaka 1867 katika kundi la pteropodi, konokono wadogo wa bahari wanaoogelea na ambao baadhi yao wana magamba membamba ya koni. Kwa kipimo cha wakati wake uamuzi huo ulikuwa wa busara, na vitabu vingi viliurithi kwa miongo mingi. Kasoro yake ni kwamba pteropodi ni kundi changa sana, na baina ya hiolithi wa mwisho na pteropodi wa kwanza kuna pengo kubwa la wakati lisilo na kiungo chochote.

Mwanapaleontolojia wa Kicheki Ladislav Marek aliwatenga hiolithi kuwa kundi lao wenyewe, Hyolitha, mwaka 1963. Baada ya hapo maoni yaligawanyika. Marek pamoja na Ellis Yochelson waliona kwamba hiolithi ni ngeli iliyotoweka ndani ya faila ya moluska, hali Bruce Runnegar na wenzake walitoa hoja mwaka 1975 kwamba wanastahili faila yao wenyewe. Pande zote mbili zilitumia ushahidi uleule: jinsi gamba linavyokua, alama za misuli ndani ya kifuniko, na mabaki ya utumbo yaliyohifadhika katika baadhi ya Orthothecida. Utumbo huo ulikuwa umejikunja mara nyingi, ulirudi mbele kuelekea kwenye uwazi wa gamba, na mara nyingine ulikuwa umejaa tope, jambo linaloonyesha kwamba mnyama alikula mabaki yaliyochanganyika na matope ya sakafu ya bahari. Kilichokosekana ni viungo laini vya mdomoni. Bila hivyo, mtu angeweza kubishana miaka mia zaidi asimshawishi mwenzake.

Viungo hivyo vilipatikana kwa Haplophrentis, hiolithi mdogo wa oda ya Hyolithida kutoka Burgess Shale huko British Columbia, Kanada, na Spence Shale iliyoko Marekani. Matabaka ya Burgess Shale, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 508, yalitokana na tope laini sana lililowazika wanyama ghafla, hata mwili laini ukabaki kama utando mwembamba wa kaboni juu ya jiwe. Mwaka 2017 Joseph Moysiuk, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na Martin Smith na Jean-Bernard Caron, walichapisha matokeo ya kuchunguza vielelezo zaidi ya 1,500 vya jenasi hiyo. Idadi hiyo ina maana yake. Katika kisukuku kilichobanwa bapa, doa moja jeusi karibu na mdomo laweza kuwa kiungo, laweza kuwa utumbo uliomwagika, au laweza kuwa uchafu tu. Doa la umbo lilelile likirudi mahali palepale katika mnyama mmoja baada ya mwingine, tena katika mikao tofauti ya kuzikwa, hapo kweli tunaweza kusema tumeona kiungo.

Walichokiona ni utepe uliopinda kama mabawa ya ndege aliye angani, ukitokeza kati ya gamba na kifuniko na kubeba minyiri 12 hadi 16, huku mdomo ukiwa katikati. Utumbo ulikwenda ndani ya gamba na kugeuka kurudi mbele, hata njia ya haja ikawa karibu na kichwa. Watafiti hao walitafsiri utepe ule kuwa ni lofofori, yaani taji la minyiri yenye vinyweleo vinavyosukuma maji na kuelekeza chembe za chakula mdomoni. Leo taji la namna hiyo ni alama ya brakiopodi, ambao wana makombe mawili na kwa macho tu hufanana na chaza, na ya foronidi, wanyama kama minyoo wanaoishi ndani ya mirija. Briozoa, wanaoishi katika makoloni madogo, nao wana taji la minyiri. Ukichukua lofofori, utumbo uliopinda na vipande viwili vya gamba vinavyokabiliana juu na chini, unapata mpango wa mwili unaokaribiana sana na wa brakiopodi, isipokuwa kipande kimoja kimerefuka kuwa koni na kingine kimebaki kifuniko. Hapo ndipo kitabu chako kipya kilipopata kauli yake.

Mwaka uliofuata hoja ilisogezwa mbele zaidi. Kutoka Chengjiang, katika jimbo la Yunnan nchini China, ambako visukuku vina umri wa miaka ipatayo milioni 518, alielezwa hiolithi aitwaye Pedunculotheca diania, na watafiti wake walisema kwamba ncha ya gamba lake ilikuwa na kikonyo cha kujishikiza chini, kama brakiopodi wengi wanavyofanya. Tafsiri hiyo ya kikonyo imepingwa, na kwa maoni yangu haifai kubebeshwa uzito wa hoja nzima.

Pingamizi kubwa zaidi lilikuja mwaka 2020, nalo pia lilitoka Chengjiang. Watafiti walieleza viungo vya kulia chakula vya Triplicatella opimus, ambaye ni wa Orthothecida. Minyiri yake haikupangwa juu ya utepe wenye mabawa, bali ilitoka kwa pamoja kama kishada kupitia nafasi iliyo kati ya gamba na kifuniko, na inaelekea ilitumika kuokota chakula moja kwa moja kwenye sakafu ya bahari badala ya kukichuja majini. Ikiwa Orthothecida ndio waliobaki karibu zaidi na hali ya asili ya kundi hili, basi utepe wa Haplophrentis ni badiliko lililotokea baadaye ndani ya hiolithi wenyewe, na kufanana kwake na lofofori ya brakiopodi kunaweza kuwa ni kwa sababu ya kazi moja, si kwa sababu ya babu mmoja. Watafiti hao waliwaweka hiolithi chini zaidi katika mti wa ukoo, karibu na shina la Lofotrokozoa, kundi kubwa linalojumuisha brakiopodi, moluska na minyoo wenye pingili kwa pamoja.

Gamba nalo lina ushahidi wake. Uchunguzi kwa hadubini wa hiolithi kutoka Australia, uliochapishwa mwaka 2018, pamoja na wa sehemu nyingine, umeonyesha kwamba gamba lilijengwa kwa vifungu vya nyuzi za madini vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likielekea upande tofauti na la chini yake, mpangilio unaokumbusha magamba ya moluska kuliko ya brakiopodi. Wanaotaka kuwarudisha hiolithi kwa moluska huushika ushahidi huu kwa nguvu. Mimi nauona kuwa wa kweli lakini usiotosha, kwa kuwa kupishanisha nyuzi ni njia nzuri ya kuzuia ufa usipite gamba zima, na wanyama walioanza kujenga magamba karibu wakati mmoja, katika bahari zilizokuwa na wawindaji wale wale, wangeweza kuifikia njia hiyo kila mmoja kivyake.

Nikilazimika kupima, nasema hivi: wazo la kwamba hiolithi walikuwa konokono wanaoogelea halina msingi tena. Kwamba walikuwa Lofotrokozoa, hilo sina shaka nalo. Kwamba nafasi yao ilikuwa kwenye tawi la wanyama wenye lofofori, hilo naliona linawezekana sana kwa ushahidi wa Haplophrentis, ambao ni mwingi na umepigwa picha vizuri, lakini lingehitaji Orthothecida wengi zaidi waliohifadhi viungo laini kabla ya kuandikwa bila neno la tahadhari. Na msomaji asije akadhani kwamba tofauti baina ya kambi hizi ni kama mbingu na ardhi. Moluska na brakiopodi wote wawili ni matawi ya Lofotrokozoa, kwa hiyo hata aliyesema "moluska" alikosea tawi, hakukosea mti.

Kuhusu maisha yao, jambo lililo wazi zaidi ni kwamba waliishi kwenye sakafu ya bahari. Kwa Haplophrentis, heleni zinaonekana kuelekea chini, na Moysiuk na wenzake walipendekeza kwamba zilikuwa nguzo za kuinua mbele ya mwili juu ya tope, ili taji la minyiri lifikie maji safi yanayopita. Pendekezo hilo naliona bora kuliko lile la zamani lililozifanya kuwa makasia, maana vijiti vyembamba namna hiyo vingesukuma maji kidogo mno. Pia kuna hiolithi wa baadaye ambao magamba yao yaliotewa na briozoa au matumbawe, na mahali wageni hao walipoota hutuonyesha kwamba upande uliolala ndio uliokuwa chini wakati mnyama akiwa hai.

Nao waliliwa. Katika Burgess Shale yumo mnyoo mwindaji aitwaye Ottoia, mwenye pua inayochomoza iliyojaa miiba, na ndani ya utumbo wa baadhi ya minyoo hao wamo Haplophrentis waliomezwa wazima, mara nyingine kadhaa katika utumbo mmoja, wengi wakiwa wameelekea upande uleule. Magamba yao bado yanatambulika ndani ya mwili wa mnyama aliyewala. Ukitazama kielelezo cha namna hiyo, koni ile ndogo huacha kuwa umbo la kijiometria, na unaona wazi kwa nini mnyama aliye laini alihitaji kujifungia ndani ya gamba kwa kifuniko.

Sasa turudi kwenye koni zako. Anza na umri wa mwamba kabla hujaangalia kitu kingine. Ikiwa mwamba ni wa Jura au wa Kretasia, vipindi vilivyokuja baada ya Permia, koni hiyo si hiolithi, hata ikifanana vipi, na pengine unacho kipande cha belemniti, jamaa wa ngisi, ambacho hutambulika kwa kuwa ni kijiti kizito kilichojaa madini, na kikivunjika huonyesha fuwele zinazotoka katikati kuelekea ukingoni. Ikiwa mwamba ni wa kati ya Kambria na Permia, endelea na uchunguzi.

Tazama kwanza mkato wa upana. Pembe nne zilizo wazi, zenye mfereji kwenye kila kona na mistari myembamba inayokatisha pande zote nne, ni dalili ya konularia, ambao wanahesabiwa kuwa jamaa wa viwavi-bahari na ambao gamba lao ni la fosfati. Kuta nyembamba zinazotoka ukingoni kuingia katikati ni za matumbawe ya kale yenye umbo la pembe. Umbo linalokaribia pembetatu, lenye upande mmoja bapa, ndilo linaloashiria Hyolithida, na ukipata ule ulimi ukitokeza kwenye uwazi huhitaji kutafuta zaidi. Mkato wa mviringo ndio unaosumbua, kwa sababu unaweza kuwa wa Orthothecida na unaweza kuwa wa wengine wengi. Tentakuliti, waliokuwa wengi hasa katika kipindi cha Devonia, ni koni ndogo nyembamba za mviringo, lakini mara nyingi wamezungukwa na pete zilizoinuka kutoka nchani hadi kwenye uwazi. Skafopodi, moluska ambao bado wanaishi, wana gamba lililo wazi pande zote mbili.

Yule anayechanganywa zaidi na hiolithi ni nautiloidi mnyoofu, jamaa wa kale wa pweza na ngisi. Watu huambiwa kwamba kuta za ndani ndizo zinazowatofautisha, nami naomba usiishie hapo, kwa kuwa hata hiolithi wengine walijenga kuta chache karibu na ncha kadiri mwili ulivyosogea mbele. Tafuta badala yake mrija unaopita katika kuta hizo. Nautiloidi anao, kwa sababu ndio uliomsaidia kuondoa maji kwenye vyumba vyake ili aelee. Hiolithi hana. Jiwe lililosuguliwa kwa urefu kupita katikati ya koni litakuonyesha jambo hilo, lakini usisugue kielelezo pekee ulicho nacho. Tumia kilichokwisha kuvunjika.

Angalia pia jiwe linalozunguka koni kwa lenzi yenye nguvu ya mara kumi, maana vifuniko hutawanyika karibu na magamba yake, navyo ni vidogo, bapa au vimeinuka kidogo, na vina mistari ya ukuaji inayozunguka kitovu kimoja. Kifuniko kimoja kinachotoshea uwazi wa koni iliyo kando yake kina thamani kubwa kuliko koni kumi zisizo nacho, na kikiwa na heleni ubavuni, hicho ni kielelezo ambacho jumba la makumbusho lingependa kukiona.

Baada ya hayo, kwenye maelezo yako andika jina la jenasi ikiwa tu umeliona kwa mtu aliyelinganisha vielelezo hivyo na vilivyoelezwa kitaalamu. Vinginevyo andika "Hyolitha", ongeza oda ikiwa umbo la mkato na la uwazi linakuruhusu, kisha taja tabaka na umri wa mwamba. Mahali pa faila usiandike "Moluska", na usiandike "Brakiopodi". Andika "Lofotrokozoa, huenda ni jamaa wa wanyama wenye lofofori".